Visherehe vya nyumbani wakati wa masika: chai ya jioni, pilau ya mchana, keki ya kuagiza au matembezi?

Nyumbani kwetu Dar es Salaam, miezi ya masika ndiyo yenye visherehe vingi kuliko miezi mingine yote. Mwanangu wa kati alizaliwa Aprili, mama mkwe wangu Mei, na Jumapili ya pili ya Mei ni Siku ya Mama. Shule hufungwa siku chache za Pasaka na watoto hurudi na ripoti zao. Mwaka jana yule mdogo alihitimisha Juzuu Amma madrasa, siku ambayo mtaro wa mbele ya nyumba ulikuwa umefurika. Halafu kuna siku za mapumziko: Karume tarehe 7 Aprili, Muungano tarehe 26, Mei Mosi. Sizungumzii harusi wala Idi, hizo zina mipango yake. Nazungumzia siku ya watu wa nyumbani, bibi au babu, na majirani wawili watatu.

Njia nilizojaribu kwa miaka hii ni nne, na nyumba nyingi ninazozijua huzunguka humo humo: chai ya jioni yenye vitafunwa, pilau ya mchana, keki ya kuagiza, na kutoka matembezini. Ninapochagua kati yake siku hizi huwa najiuliza mambo matatu. Mvua ikinyesha, itaharibu nini? Nani atashinda jikoni? Na mwenye siku yake atapata kitu gani ambacho hakipati siku nyingine? Pesa ni muhimu, tena sana, lakini nimeona kwamba mara nyingi inafuata majibu ya maswali hayo.

Kuna njia ya tano ambayo siipendekezi kabisa, nayo ni michango. Mtu anafungua kundi la WhatsApp kwa ajili ya bethdei ya mtoto wa miaka minane, anaweka mhasibu, watu wanaanza kuahidi. Aliyechanga lazima aalikwe, aliyealikwa lazima apate kiti, na viti vikizidi kumi na tano sebule haitoshi, basi linakodiwa turubai. Turubai la Aprili linavuja kwenye maungio. Hapo tena hakuna kisherehe, kuna shughuli nzima yenye madeni, na mtoto mwenyewe amekaa pembeni akiwatazama watu wazima. Hesabu isipotosha, punguza sahani.

Chai ya jioni na pilau ya mchana

Huu ndio uchaguzi wa kweli katika nyumba nyingi, kwa hiyo nitakaa hapa zaidi.

Pilau ina heshima yake. Bizari nyembamba ikianza kunukia mpaka nje, hakuna anayehitaji kuambiwa kwamba leo kuna jambo. Kilo 1 ya mchele na nusu kilo ya nyama inawatosha watu wanane bila kubanana, ukiweka kachumbari na ndizi mbivu pembeni. Ni chungu kimoja, kinapikwa mara moja, kikiiva kazi kubwa imekwisha. Kwa mgeni aliyetoka mbali, hasa mzee, pilau inamwambia kwamba safari yake imethaminiwa.

Tabu yake ni masika yenyewe. Sufuria ya watu kumi na tano haikai vizuri juu ya jiko la gesi la plati mbili, kwa hiyo mpishi anatoka uani na jiko la mkaa. Uani kuna mvua. Mkaa ulioloa unatoa moshi tu, na pilau inataka makaa chini na makaa juu ya mfuniko ili ikauke vizuri. Nimewahi kupika nimeshikiwa mwavuli na binti yangu. Chakula kilikuwa kitamu, lakini sikumbuki kitu kingine cha siku ile, na ilikuwa siku ya mwanangu.

La pili ni muda. Pilau ya mchana ina saa yake: saa saba, saa nane mwisho. Wageni wa masika hawana saa. Mto Msimbazi ukijaa, Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani na mwendokasi husimama, basi aliye upande wa pili wa bonde anazunguka au anaiacha safari. Waliofika wanasubiri waliokwama. Pilau inapoa, inapashwa, inashika chini. Mwenye nyumba anapakua mara nne badala ya mara moja.

Chai ya jioni inavumilia yote hayo. Kwa macho yangu mvua ya hapa pwani hupenda usiku na asubuhi, na ikifika saa kumi jioni mara nyingi imekatika au imebaki manyunyu. Mgeni akifika saa kumi na moja au saa kumi na mbili, amefika kwa wakati. Wakija watu sita uliowaita, sawa. Wakija kumi na wawili, unaongeza maji, majani, tangawizi na mchaichai, kisha unamtuma mtoto kwa jirani anayekaanga bajia. Wasipokuja kabisa, vitafunwa vinakuwa chai ya asubuhi.

Kazi ya chai ipo, nisimdanganye mtu. Vitumbua vinataka mchele uliolowekwa usiku kucha, asubuhi usagwe na tui la nazi, iliki, sukari na hamira. Nusu kilo ya mchele inanipa vitumbua 20 na kitu kwa chuma changu chenye mashimo saba. Siku za ubaridi wa mvua rojo hukawia kuumuka, kwa hiyo mimi hulifunika na kuliweka karibu na jiko lililopikiwa uji, na sianzi kuchoma mpaka nione limejaa mapovu. Umeme nao hukatika mvua ikianza. Saga mapema asubuhi, usingoje mchana, au weka unga wa mchele ndani kama akiba.

Tofauti kubwa niliyoiona ni hii: kazi ya chai inagawanyika. Sambusa zinakunjwa jana yake, na wanaokunja ni watoto wenyewe wakiwa mezani na baba yao. Kashata na visheti vinakaa kwenye kopo siku tatu bila kuharibika. Katlesi unaviringa asubuhi, unakaanga jioni. Ikifika saa kumi mama wa nyumba ameoga, amevaa, amekaa mkekani na wenzake. Kwenye pilau ya mchana saa nane bado ana kanga ya jikoni yenye masizi. Nimekuwa upande wote wawili, na siku hizi hili ndilo linaloamua kwangu.

Wapo watakaosema chai ni uchoyo. Shangazi yangu alisema hivyo mwaka wa kwanza. Nilimkalisha, nikamwekea mihogo ya nazi, vitumbua, sambusa za nyama na chai ya maziwa yenye iliki, akala, akafungiwa na vya kwenda navyo. Hakusema tena. Binamu yangu wa Mombasa hufanya hivyo hivyo kwa mahamri na mbaazi za nazi, na nyumba yake haikosi wageni.

Katika mambo ya dini niliogopa kidogo. Mwanangu mdogo alipohitimisha Juzuu Amma, nilidhani walimu wa madrasa wasipopewa pilau nitakuwa nimewavunjia heshima. Nilimuuliza maalim mwenyewe. Akasema njooni na dua baada ya Alasiri, chai inatosha. Wakasoma, wakaomba dua, watoto kumi wakala kaimati na tende, na kabla ya Magharibi kila mtu alikuwa kwake. Jirani yangu Mkatoliki alifanya lake kwa njia ya jumuiya: mwanawe alipopata Kipaimara, sala ya jumuiya ya Jumamosi ile ilihamishiwa kwao, wakasali shukrani, wakanywa chai kwa maandazi. Watu walikuwa wanakuja hata hivyo. Hakukodi kiti hata kimoja.

Pilau basi iwekwe lini? Mimi naiweka pale mgeni mmoja au wawili wanapotoka mkoani na kulala, au mzee anapoitaka kwa kinywa chake. Na naipika ndogo, ya watu wa nyumbani na hao wageni, juu ya gesi, mchana. Majirani wanakuja jioni kwa chai.

Keki ya kuagiza na mkate wa kumimina

Hapa pana mvutano nyumbani kwangu, na watoto wana haki yao.

Keki za hapa mjini huuzwa kwa kilo. Unaagiza ya kilo 1 au 2, unachagua vanila, chokoleti au fruti, unatuma jina la kuandikwa, na siku hiyo inaletwa. Kazi ya jikoni hakuna. Kuna mishumaa, kuna kukata, kuna kulishana, kuna picha. Kwa mtoto wa miaka mitano hadi kumi vitu hivyo si vidogo. Anamlisha bibi yake kipande, bibi anamlisha yeye, anashangiliwa na watu wote. Sidharau furaha ile hata kidogo.

Lakini keki yenye krimu na masika havipatani. Mwaka juzi keki ya mwanangu iliagizwa kwa mtu niliyemwamini, ikapakiwa kwenye bodaboda, mvua ikashika njiani. Boksi lilifika limelowa, krimu imelalia upande mmoja, jina limefutika nusu. Mtoto alilia mpaka akapitiwa na usingizi kabla ya kuikata. Aliyeitengeneza alifanya kazi nzuri na mwenye pikipiki hakuwa na kosa. Kosa ni kuipandisha krimu juu ya bodaboda mwezi wa Aprili. Tangu siku ile tunaifuata wenyewe kwa bajaji, tunaipakata. Tena naomba ya fruti au isiyo na krimu nyingi, kwa sababu umeme ukikatika kwa saa tatu na friji ikapoteza ubaridi, krimu inaanza kuteleza mezani.

Mkate wa kumimina ni unga wa mchele, tui zito, sukari, iliki, hamira na ute wa mayai, unamiminwa kwenye sufuria na kuokwa kwa moto wa chini na makaa juu ya mfuniko. Siku hizi wengi tunatumia oveni. Unatoka wa kahawia juu, mweupe na wenye vitundu ndani. Gharama yake ni sehemu ndogo tu ya keki ya kilo 1, hauhitaji friji, na kesho yake unazidi kuwa mtamu. Unabeba mishumaa vizuri pia.

Mwanangu wa kati nilipompa huo alipotimiza miaka saba aliutazama akasema, "Mama, hii siyo keki." Alikuwa anasema kweli. Kwa mtoto wa umri ule nanunua keki ndogo, kilo 1 isizidi, na wageni wengine wanakula vitafunwa. Kwa mtu mzima sinunui. Mama mkwe wangu ukimwekea keki ya duka anaonja kijiko, anashukuru, anaiacha. Ukimwekea mkate wa kumimina anauliza nani kauoka na kama kuna cha kupeleka kwa dada yake.

Kutoka

Matembezi yana kitu kimoja ambacho nyumbani hakipatikani: hakuna anayeosha vyombo. Kwa mama aliyechoka, hiyo peke yake ni zawadi. Yana kasoro moja pia ambayo wengi hatuisemi. Bibi mwenye magoti mabovu anabaki nyumbani, na mzazi mwenye kichanga anabaki naye. Chai ya jioni inawaleta hao kati ya watu. Fikiria kwanza ni nani atakosekana.

Ufukwe ni wa bei nafuu na watoto wanaupenda, lakini masika si msimu wake. Aprili upepo wa kusi unaanza, bahari inachafuka, na baada ya mvua kubwa maji ya karibu na midomo ya mito huwa ya kahawia, yamebeba kila kilichosombwa mitaani. Kuogelea watoto siku hizo siruhusu. Coco Beach twende kwa ajili ya mihogo ya kukaanga yenye kachumbari na pilipili, tule tukiangalia mawimbi, na tuamue siku ile ile tukiwa tumeona mbingu. Ukishaahidi watoto ufukwe wiki nzima kabla, umejitafutia machozi. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri na tahadhari kila siku. Mimi huangalia kabla sijafungua mdomo mbele ya watoto.

Penye paa ni bora. Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, yanatosha kwa saa moja na nusu, na mtoto anayesoma historia anafurahi kukutana na habari za fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959 akiwa amelisoma kwenye kitabu chake. Kijiji cha Makumbusho, Barabara ya Bagamoyo, kwangu kinapendeza zaidi kwa zile nyumba za asili za makabila mbalimbali, ila uwanja ni wazi na matope ni mengi. Kiwekee siku ya jua.

Kisha kuna treni ya SGR kwenda Morogoro. Safari zilipoanza mwaka 2024 nauli ya daraja la kawaida ilitangazwa kuwa shilingi 13,000, na mtoto wa miaka 4 hadi 12 nusu yake. Nyumba ya watu wazima wawili na watoto watatu wa umri huo hapo ni 45,500 kwenda, 91,000 kwenda na kurudi, bado chakula na bajaji za huko. Kwa kiasi hicho nakaribisha majirani kwa chai mara kadhaa. Ila katika matembezi yote ya masika hakuna linalolingana nalo: umekaa pakavu, mvua inapiga kioo, nje kote ni kijani, na ukikaribia Morogoro milima ya Uluguru inatokea imevaa mawingu. Sikulifanya kwa ajili ya siku ya kuzaliwa. Nililiweka akiba kwa binti yangu alipomaliza mitihani ya kidato cha sita mwezi Mei, tukaenda asubuhi, tukarudi jioni, na yeye ndiye aliyechagua tule wapi.

Ninavyochagua mimi

Ripoti nzuri ya shule: chai, tena ya siku ya kawaida, na aliyefanya vizuri anachagua kitafunwa kimoja kipikwe. Haihitaji mgeni. Aliyeshuka naye akae, ale, asikumbushwe namba yake jioni ile.

Siku ya mtoto chini ya miaka kumi ni chai pamoja na keki ndogo tuliyoifuata wenyewe. Juu ya umri huo namuuliza. Wa kwanza alipofika miaka kumi na minne alitaka mihogo ya Coco Beach na rafiki zake watatu, basi.

Kuhitimisha juzuu, Komunyo, Kipaimara, shukrani yoyote ya dini, iunganishe na ibada iliyokuwepo tayari, na chai baada yake.

Siku ya Mama ndiyo ninayoitilia mkazo. Mama asipike. Kama baba na watoto hawawezi kupika, wanunue. Nimeona nyumba ambazo mama anaamka saa kumi na moja alfajiri kupika pilau ya kusherehekea Siku ya Mama, na inaniumiza. Hapa kutoka ni bora kuliko kubaki, hata kama ni kutembea tu na kula chipsi mayai.

Muungano na Mei Mosi sina neno. Watu wako nyumbani, mvua inanyesha, pika chochote.

Jambo moja halina gharama na linafaa kwenye njia zote nne: kumwagia maji mwenye siku yake. Watoto wetu hawaoni kama siku ya kuzaliwa imekwisha bila kulowa. Masika maji hayo tunayakinga asubuhi kwenye ndoo chini ya mfereji wa bati, na huachwa mpaka adhuhuri yapungue ubaridi. Mwagieni kabla ya saa kumi, uani, akiwa na nguo za kuchezea, taulo liko tayari na chai ya tangawizi iko jikoni. Mwenye kifua au mafua anamwagiwa kikombe kimoja tu, miguuni, na kelele zinakuwa zile zile.